Hatukuitupa, tulikimbia: karatasi yenye jina la mtu si takataka

GOMA, Kivu ya Kaskazini – Asubuhi moja, ndani ya atelye ndogo ya kartye Ndosho, binti mmoja alikuwa akikata karatasi za zamani ili azibandike juu ya ubao, pembeni ya vipande vya bati. Mkasi ulipofika kwenye karatasi moja ya shule, akasimama. Ilikuwa bulteni ya darasa la sita ya msingi. Kulikuwa na muhuri wa buluu, alama za hesabu na Kifaransa, sahihi ya mwalimu, na juu kabisa jina la mtoto pamoja na kijiji alikosomea.

«Mukubwa, hii iko na jina ya mutoto», alimwambia kijana anayeongoza atelye.

«Kata tu. Mwenyewe alisha kuitupa.»

Mama mmoja aliyekuwa amekaa mlangoni na beseni lake la ndizi, mama aliyehama kwao zaidi ya mara moja, hakuweza kunyamaza. «Mutoto wangu, sisi hatukuitupaka», alisema. «Tulikimbiaka.»

Maneno ya mama huyo yanastahili kusikilizwa na kila mtu anayefanya sanaa ya vyuma chakavu na karatasi kuukuu katika mji huu. Kazi hiyo ni nzuri na inahitajika. Lakini kitu kilichookotwa Goma si sawa na kitu kilichookotwa mahali penye amani. Penye amani, kitu kilicho chini kwa kawaida kimetupwa na mwenyewe. Hapa, mara nyingi kimeangushwa na mtu aliyekuwa anakimbiza watoto. Kabla ya kukikata, ni lazima kuuliza ni cha nani.

Kazi yenyewe ni ipi

Sanaa hii vijana wanaiita kolaji. Ni picha ambayo haichorwi kwa rangi peke yake, bali hujengwa kwa kubandika vitu: ubao wa tripleksi au kartoni nene chini, kisha bati la paa lililochakaa, kopo la sardini, vizibo vya chupa za Primus, waya, misumari, na karatasi za kila aina. Kopo la mafuta la lita 4 lenye herufi USA, ambalo familia nyingi za kambini zilipokea na baadaye kuligeuza kuwa kipimo cha unga au taa, nalo limo. Ukitazama kwa mbali unaona uso wa mama, au mlima wa Nyiragongo, au mtu anayesukuma chukudu. Ukisogea karibu unaona kwamba uso umetengenezwa kwa bati lenye kutu na kilemba kimetoka kwenye kurasa za kitabu cha shule.

Goma haina upungufu wa malighafi kwa kazi hiyo. Volkano ya tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 ilifunika sehemu kubwa ya mji na kuacha mabati yaliyokunjamana chini ya mawe. Ile ya tarehe 22 mwezi wa tano 2021 iliunguza nyumba katika teritware ya Nyiragongo, na siku chache baadaye watu wengi walihama mji kuelekea Sake na kwingineko. Halafu vita. Kambi kubwa zilizozunguka mji, kama Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala, zilivunjwa mwezi wa pili 2025. Familia ziliondoka na zilichoweza kubeba kichwani au mgongoni. Bashi zilizopasuka, makopo na karatasi zilibaki chini, na mvua ikanyesha juu yake.

Wanaodhani kwamba kolaji ni mchezo wa watoto wajaribu kuifanya. Kopo hukatwa ubavuni, hufunguliwa na kupigwa kwa nyundo juu ya jiwe la volkano mpaka linyooke. Makali yake hukunjwa ndani au kupigwa tupa, la sivyo yatamkata mtengenezaji, na baadaye yatamkata mnunuzi. Bati huoshwa kwa sabuni na majivu ili mafuta yatoke, kisha hukwaruzwa kwa msasa, kwa sababu kole haishiki chuma kinachoteleza. Chuma kizito hakiachiwi kole peke yake. Hutobolewa kwa msumari na kushonwa kwenye ubao kwa waya, kama mama anavyoshona kifungo.

Karatasi hubandikwa kwa uji mzito wa unga wa muhogo au kwa kole nyeupe ya mbao. Uji wa muhogo ni wa bei ndogo, lakini wadudu na ukungu wanaupenda, na maji yake huamsha kutu. Asiyepaka bati verni au rangi kwanza, akaliacha likauke vizuri, ataona doa la kahawia likipanda juu ya karatasi yake baada ya muda. Gazeti hugeuka njano upesi likikaa mwangani. Karatasi iliyotoka kwenye printa ya wino huchujuka ikiguswa na maji, wakati fotokopi ya kawaida hustahimili. Haya yote vijana wameyajua kwa kukosea na kurudia. Ni ufundi, na fundi anastahili kuitwa fundi.

Tena hawakuanza wao. Katika nchi hii hii, Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa 1948 na kufariki 2015, alijenga miji mizima midogo kwa karatasi, kartoni na maboksi ya bidhaa, na mwaka 2018 kazi zake zilijaza kumbi za makumbusho makubwa ya sanaa ya kisasa jijini New York. Freddy Tsimba wa Kinshasa ameunganisha vijiko, mapanga na maganda ya risasi kuwa miili ya watu. Kule Lubumbashi, ambako Kiswahili ni lugha ya kila siku kama hapa, Sammy Baloji alichukua picha za zamani za wafanyakazi wa migodi na kuziweka juu ya picha za viwanda vilivyobaki magofu, ili anayetazama aone watu waliotoa jasho pale. Nje ya Kongo, El Anatsui wa Ghana ameshona maelfu ya vizibo vya chupa kwa waya wa shaba hadi vikawa kama nguo za kifalme. Hakuna anayeweza kusema tena kwamba kuokota na kubandika ni kazi ya mtu aliyeshindwa maisha.

Karatasi ina mwenyewe

Tatizo linaanzia kwenye mihuri. Vijana wenyewe wanakiri kwamba wanunuzi, hasa wageni, wanapenda karatasi iliyo na muhuri, sahihi na maandishi ya mkono. Ukurasa mtupu wa daftari hauwavutii. Jetoni ya kupokea chakula inawavutia. Fishi ya hospitali inawavutia zaidi. Kwa hiyo karatasi inayotafutwa sana na msanii ndiyo ile ile inayotafutwa sana na mwenye kuipoteza.

Kila familia iliyohama inajua thamani ya karatasi. Mtoto anapoombewa nafasi kwenye shule mpya, mkurugenzi anauliza bulteni. Mama anapofika kituo cha afya na mtoto mchanga, anaulizwa kadi ya chanjo. Baba akisimamishwa njiani anaombwa kitambulisho, na kwa Wakongo wengi kitambulisho hicho ni kadi ya uchaguzi. Mzee akirudi kijijini na kukuta mtu mwingine analima shamba lake, kitu cha kwanza anachotafuta ni ile karatasi ya kununulia shamba iliyosainiwa mbele ya chifu. Aliyekimbia usiku huenda aliiweka ndani ya sufuria, sufuria ikapotea. Au aliifunga kwenye kitenge, kitenge kikaloa. Akiikuta leo juu ya ukuta wa mtu, imekatwa vipande vinne na kupakwa verni, atajisikiaje?

Kuna wanaojibu kwamba karatasi hizo zingeangamia hata hivyo. Hapo wana sehemu ya ukweli. Sokoni Virunga na Birere, kurasa za daftari za watoto hufungia karanga. Majumbani, karatasi huwasha makala asubuhi. Anayekunja karanga hasomi kilichoandikwa, wala anayewasha moto hasomi. Msanii ni tofauti. Yeye huishika karatasi, huigeuza, hutafuta upande mzuri, huangalia mwandiko. Mara nyingi yeye ndiye msomaji wa mwisho wa karatasi hiyo. Kwa sababu hiyo anadaiwa zaidi kuliko muuza karanga. Huwezi kuona jina la mtoto, ukaona na shule yake, halafu ukasema hukujua kwamba ina mwenyewe.

Wengine wanasema sanaa haiombi ruhusa, na kwamba jina la kweli ndilo linaloipa picha uzito. Jibu ni rahisi: fotokopi. Karatasi ya asili hupigwa fotokopi, jina hufunikwa, fotokopi ndiyo inayokatwa. Muhuri utaonekana, mwandiko utaonekana, alama za hesabu zitaonekana. Tena, kama ilivyosemwa, fotokopi hustahimili maji kuliko karatasi nyingine nyingi. Msanii hapotezi kitu, na mwenye bulteni hapotezi mwaka wa shule.

Lakini kuna karatasi ambazo hata fotokopi yake haifai kubandikwa. Hizo ni orodha. Katika kila kambi kulikuwa na orodha za ugawaji: jina la baba, jina la mama, idadi ya watoto, kijiji walikotoka, mara nyingine namba ya simu. Wakati wa amani, orodha kama hiyo ni karatasi tu. Katika jimbo ambako mtu anaweza kuulizwa ametoka kijiji gani na jibu likamletea matatizo, orodha hiyo ni hatari iliyoandikwa kwa kalamu. Ikibandikwa ubaoni, ikapigwa picha kwa simu, picha ikatumwa WhatsApp, hakuna anayeweza kuirudisha. Anayetazama atakuza kwa vidole viwili na kusoma kila jina. Msanii aliyekusudia kuwakumbuka waliohama atakuwa amewaanika.

Kwa karatasi za namna hiyo kuna njia ambayo mafundi wanaifahamu. Karatasi huraruliwa vipande vidogo, hulowekwa ndani ya maji siku moja au mbili, hutwangwa kwenye kinu mpaka iwe kama bugali laini, kisha huchanganywa na uji wa muhogo na kufinyangwa. Kwa bugali hiyo ya karatasi mtu anaweza kufinyanga uso, mkono au kilima na kukibandika juu ya bati lake. Majina yamo ndani, lakini hakuna atakayeyasoma. Njia hiyo inakumbuka watu bila kuwataja.

Chuma nacho kina habari yake

Lile lile linalosemwa juu ya karatasi linafaa pia kwa chuma, na hapo kosa linaweza kuua.

Watoto ndio wanaotumwa kuokota. Mnunuzi wa vyuma chakavu hupima kwa kilo, haulizi umri wa aliyeleta. Msanii naye hulipa kidogo zaidi kwa kipande chenye umbo la ajabu. Kila kitu cha ajabu kilicholala kwenye majani ya Sake, kandokando ya Kibumba au kwenye mashamba yaliyopitiwa na mapigano kinaweza kuwa bomu ambalo halikulipuka. Kutu haimaanishi kwamba limekufa. Bomu la zamani linaweza kuwa bovu zaidi na jepesi zaidi kulipuka.

Kila mzazi na kila kiongozi wa atelye anapaswa kuwakumbusha watoto maneno haya mpaka wayajue kama wimbo: usiguse, usirushe jiwe, usisogee. Rudi kwa njia uliyojia. Kumbuka mahali. Mwambie mtu mzima, naye amwambie mkuu wa avenyu au wa kijiji ili wenye ujuzi wa kutegua waitwe. Na atelye iseme wazi, mbele ya watoto wote, kwamba hainunui kitu chochote kinachofanana na silaha, hata ganda la risasi. Watakaosema kwamba Freddy Tsimba anatumia maganda ya risasi wakumbuke kwamba yeye ni mtu mzima aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Mtoto wa miaka 10 hawezi kutofautisha ganda tupu na risasi nzima iliyochakaa. Siku atelye itakapolipa ganda moja, itakuwa imewatuma watoto kumi porini.

Kuna hatari nyingine ambazo hazipigi kelele. Betri ya gari ina risasi ndani yake, yaani madini ya sumu, pamoja na asidi. Haifai kuvunjwa na mtoto wala kuvunjwa uani ambako mama anapika. Bati jipya lina zinki juu yake, na likichomwa motoni au kuchomelewa ndani ya chumba kilichofungwa, moshi wake humpa fundi homa na kumbana kifua. Kopo lililokuwa na dawa ya wadudu haliwi safi kwa kuoshwa mara moja. Kazi hii inahitaji glavu, viatu na mlango ulio wazi. Jeraha la bati lenye kutu lipelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, si baada ya mguu kuvimba.

Halafu kuna mabati ya wizi. Kwa familia ya Kivu, bati ndilo mwanzo wa nyumba. Wapo waliokimbia wakiwa wameyabeba mgongoni kwa sababu walijua kwamba asiye na bati hana pa kuanzia. Nyumba na shule zilizoachwa wazi zimevuliwa paa na watu wasiojulikana, na mabati hayo hayakwenda mbinguni. Moshi wa volkano na mvua yake huchakaza mabati upesi, kwa hiyo bati lililotoboka kwa kutu linajieleza lenyewe. Lakini bati zima, lenye matundu ya misumari yaliyopangwa mstari mmoja, likiletwa kwa bei ya chini jioni, linaomba swali. Limetoka wapi? Atelye isiyouliza inaweza kuwa inatengeneza picha ya mama aliyepoteza nyumba kwa kutumia paa la mama huyo huyo.

Jina la fundi

Kama jina la mwenye karatasi lifunikwe, jina la mwenye kazi lisifunikwe. Jambo hilo nalo linaenda kombo. Mtoto aliyehama hutengeneza kolaji siku tatu, mtu mwingine huipeleka mahali penye wageni, huiuza, na chini ya picha huandikwa «kazi ya watoto wa kambi». Mtoto wa kambi si jina. Ana jina alilopewa na wazazi wake, na kama mzazi au mlezi amekubali, liandikwe nyuma ya ubao pamoja na mwaka. Kama familia inaogopa, mtoto achague alama yake mwenyewe, ambayo atelye itaiweka kwenye daftari lake.

Historia ya Kingelez inafundisha kitu hapa. Alipopeleka kazi yake ya kwanza kwenye makumbusho ya taifa Kinshasa, wafanyakazi hawakuamini kwamba ni yeye aliyeitengeneza. Baadaye walimwajiri akarabati vitu vya makumbusho hayo. Hata kijana wa Goma atakutana na mtu asiyeamini. Jina na tarehe nyuma ya ubao ndio ushahidi wake.

Na pesa igawanywe kabla ya kazi kuanza, si baada ya kuuzwa. Aliyeleta vyuma apate nini, aliyetengeneza apate nini, atelye ibakize nini kwa kole na misumari. Makubaliano ya mdomo huvunjika siku ya faida. Yaandikwe kwenye ukurasa mmoja wa daftari, na kila mmoja abaki na nakala yake.

Sanduku na redio

Wakosoaji watasema kwamba haya ni masharti mengi kwa vijana wenye njaa. Ni kweli kwamba njaa haina subira, na kwamba kijana anayeuza kolaji moja anaweza kuwalisha wadogo zake siku kadhaa. Hakuna anayetaka atelye zifungwe. Zikifungwa, karatasi zitarudi kufungia karanga, watoto watarudi kwa mnunuzi wa kilo, na kumbukumbu za miaka hii zitabaki kwa wageni waliopita na kamera. Masharti haya hayahitaji pesa nyingi. Yanahitaji sanduku moja la kartoni, bahasha chache za plastiki na fotokopi za hapa na pale.

Kila atelye iweke sanduku hilo mlangoni, liandikwe «Karatasi zenye majina». Kila karatasi ya shule, ya hospitali, ya shamba au ya kuzaliwa itakayookotwa iingie humo kwanza, ikaushwe kivulini, iwekwe ndani ya plastiki. Siku ya salongo, wakati wakaaji wanasafisha mitaro na kukusanya taka, wakuu wa avenyu wawaambie watu wapeleke huko karatasi zenye mihuri badala ya kuzichoma. Makanisa, misikiti na shule vinaweza kufanya vivyo hivyo.

Kisha redio za jamii zifanye kazi ambayo tayari zinaijua. Wasikilizaji wamezoea kusikia matangazo ya mtoto aliyepotea, ya mbuzi aliyeonekana, ya kadi iliyodondoka kwenye pikipiki. Dakika tano kwa wiki zinatosha kusoma majina yaliyo ndani ya masanduku. Isomwe aina ya karatasi na jina peke yake. Kijiji kisisomwe, namba ya simu isisomwe, shule isisomwe. Atakayekuja kudai bulteni ataulizwa alisoma wapi, darasa gani, mwaka gani. Anayejua ni mwenyewe, na asiyejua arudi nyumbani. Kwa namna hiyo redio itawafikia hata waliotawanyika baada ya kambi kuvunjwa, waliopangishwa vyumba mjini, waliorudi Masisi au Rutshuru, na wale wanaoishi kwa jamaa.

Karatasi ambayo itakaa miezi kadhaa bila mwenyewe kutokea ibaki ndani ya sanduku. Haili chakula. Wahenga walisema akiba haiozi, na karatasi iliyokauka vizuri ndani ya plastiki haiozi pia. Mtoto aliyepoteza bulteni leo anaweza kuihitaji baada ya miaka mitano.

Sanaa inayofanywa kwa namna hii itakuwa na nguvu zaidi sokoni, si kidogo. Mnunuzi atakayeambiwa kwamba karatasi anayoiona ni fotokopi, kwa sababu ile ya asili inamngoja mtoto aliyekimbia, atakuwa ameelewa habari ya Goma kuliko kwa picha nzima.

Kule Ndosho, kazi iliendelea mchana huo. Kijana anayeongoza atelye alikaa kimya kwa muda, kisha akamtuma binti kupiga fotokopi. Jina lilifunikwa kwa kipande cha karatasi nyeupe kabla ya kupigwa. Fotokopi hiyo sasa iko juu ya ubao, kati ya bati lenye kutu na vizibo vitatu vya chupa, na muhuri wake unaonekana vizuri. Bulteni yenyewe iko ndani ya bahasha ya plastiki, juu ya rafu, mbali na maji. Mama wa ndizi aliomba asomewe jina kwa sauti, kama huenda anawafahamu wazazi. Hakuwafahamu. Lakini alilirudia mara mbili, ili asilisahau akikutana na mtu wa kijiji kile.